Chelezo kisichoelea: Lugha ya hitilafu na sisi tuisomayo

Nimefundisha ufahamu kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwaka huu nimefeli swali moja la ufahamu. Kifungu chenyewe kilikuwa kifupi mno, mstari mmoja na nusu. Kilitokea usiku kwenye skrini ya kipakatalishi cha mwanafunzi wangu wa uzamili, mjini Rongo. Alikipiga picha kwa simu, akanitumia kwa WhatsApp na kuuliza: “Daktari, samahani kukusumbua saa hizi. Hii ina maana gani?”

Ujumbe ulikuwa kwa Kiingereza. Ukiuweka katika Kiswahili utasema hivi: “Kazi imekamilika. Vipengee 11 vimerukwa.” Chini yake palikuwa na msimbo wa herufi na tarakimu uliofanana na nambari ya usajili wa gari la nchi ya mbali. Nikamjibu kama mtu anayejua: “Si imesema imekamilika? Lala salama.”

Naye akalala salama kwa wiki tatu. Kisha diski ya kipakatalishi ikafa.

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na data ya tasnifu yake: mazungumzo ya wachuuzi wa soko la Rongo, yaliyorekodiwa kwa kinasasauti kidogo kati ya mafungu ya ndizi na magunia ya njugu karanga. Anayeijua Rongo anajua thamani ya data ya aina hiyo. Mji uko kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori, na si mbali na mpaka wa kaunti ya Homa Bay. Mjaluo, Mgusii na Mkuria wanapokutana pale sokoni, aghalabu kinachowapatanisha ni Kiswahili, na si kile cha vitabuni. Ni Kiswahili cha kupunguziana bei, kutaniana na kudaiana. Mwanafunzi wangu alikuwa amekikusanya kwa miezi saba.

Tulipofungua diski ya nje aliyowekea nakala, karibu kila kitu kilikuwemo. Kasoro rekodi 11.

Tulikipeleka kipakatalishi kwa fundi mmoja kijana pale karibu na steji. Aliikagua diski iliyokufa, akatikisa kichwa, kisha akaomba kuona ile picha ya ujumbe. Akaisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyoisoma mimi. “Japuonj,” akaniambia kwa heshima anayopewa mwalimu katika Kijaluo, “hii kitu haikuwadanganya. Iliwaambia kila usiku. Nyinyi ndio hamkusoma.”

Akatueleza. Programu ile haikuweza kunakili faili iliyokuwa imeshikwa na programu nyingine. Mwanafunzi wangu alikuwa na mazoea ya kuacha wazi programu ya kunukuu sauti hadi asubuhi, ili akiamka aendelee alipoachia. Kwa hiyo faili zilizorukwa kila usiku zilikuwa zilezile alizokuwa akizifanyia kazi. Kadi ya kinasasauti nayo ilikuwa imefutwa kitambo ili itumike tena, maana “nakala si ziko?”

Nilikuwa karibu kumsahihisha yule kijana: si “hii kitu”, ni “kitu hiki”. Nikanyamaza. Aliyevunja upatanisho wa kisarufi ndiye aliyesoma vizuri. Mwenye sarufi ndiye aliyesoma vibaya.

Jina la programu ile sitalitaja, wala jina la aliyeitengeneza, maana hapa si mahakamani. Ninachotaka ni kuzihakiki jumbe za aina ile kama tunavyohakiki matini nyingine yoyote. Nani anasema? Anamwambia nani? Amesema nini, na amenyamazia nini? Tunahakiki mashairi yasomwayo na watu mia, ilhali matini hizi zinasomwa kila siku na mamilioni, tena mtu akizisoma vibaya hulipia.

Msimbo kama kitenzi

Tuanze na kile kinachotisha zaidi, yaani msimbo wenyewe. Chukua mfano unaojulikana sana katika mfumo wa Windows: 0x80070070. Ukiutazama ghafla unaweza kudhani mtoto amechezea kibodi. Lakini una mofolojia, tena mofolojia ambayo msemaji wa Kiswahili anapaswa kuielewa upesi kuliko Mwingereza.

Ile 0x ya mwanzo ni alama tu ya kutuambia kwamba nambari imeandikwa katika mfumo wa kuhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi. Ukiiondoa, hubaki tarakimu nane. Tarakimu ya kwanza, 8, inatangaza kwamba jambo limeshindikana. Zinazofuata, 007, zinataja idara ya mfumo ambayo habari imetoka. Katika mfano huu ni moyo wa Windows wenyewe. Nne za mwisho, 0070, ndizo zenye kiini. Ukizigeuza ziwe hesabu yetu ya kawaida unapata 112, na katika orodha ya Windows nambari 112 humaanisha kwamba nafasi kwenye diski haitoshi.

Sasa linganisha na kitenzi “hatukuhifadhi”. Ha- ni kikanushi, nacho hutangulia mbele ya vyote. -tu- ni nafsi, yaani nani anayesema. -ku- inabeba wakati. Mwisho kabisa ndipo unapokuja mzizi wenye maana, -hifadhi. Kanusha, taja msemaji, kisha sema jambo: mpangilio ni uleule. Tarakimu 8 ni “ha-” ya mashine.

Ukishaijua sarufi hii, misimbo mingi haikutishi tena. 0x80070005 ina kikanushi kilekile na msemaji yuleyule, ila mzizi ni 5, yaani umenyimwa ruhusa. 0x80070002: faili haikuonekana. 0x80070020: ile 20 ya mwisho ni 32 kwa hesabu yetu, nayo ina maana kwamba faili inatumiwa na programu nyingine. Hilo ndilo janga la aina iliyotupata Rongo. Mtu akiwa na kikokotoo na orodha ya mizizi anaweza kuisoma sentensi nzima.

Kwa hiyo simo katika kundi la wanaosema misimbo ni upuuzi wa wataalamu. Msimbo umeundwa kwa nidhamu kubwa kuliko sentensi nyingi zinazoandamana nao. Isitoshe, una faida moja ambayo sisi wapenzi wa Kiswahili hatupendi kuikiri. Mtu aliyeweka tarakilishi yake katika Kiswahili akapata ujumbe wa hitilafu kwa Kiswahili, akitafuta msaada mtandaoni kwa maneno yale ataambulia patupu, maana maelezo mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Lakini msimbo hautafsiriwi. Akiutafuta huo, ataungana na mtu wa Seoul au wa São Paulo aliyepatwa na jambo hilohilo.

Kweli isiyosaidia

Ila kusema kweli na kueleza ni mambo mawili. Ipo hitilafu nyingine ya Windows, 0x80780119, ambayo imewachosha wengi wanaojaribu kuweka nakala ya mfumo mzima. Tazama pale katikati: si 007 tena, ni 078. Msemaji amebadilika. Sasa anayesema ni chombo chenyewe cha kuweka nakala. Anasema nini? Kwamba nafasi haitoshi kuunda nakala ya kivuli, yaani ile taswira ya muda ambayo mfumo huitengeneza ili unakili faili bila kuzisimamisha.

Msomaji anageuka kutazama diski yake ya nje. Ni mpya, ina nafasi tele. Anaanza kudhani mashine imerukwa na akili. Kumbe nafasi inayopungua haiko kwenye diski ya nje. Aghalabu iko kwenye kigawe kidogo kilichojificha ndani ya diski ya tarakilishi yenyewe, kigawe ambacho mtumiaji wa kawaida hajawahi kukiona wala kuambiwa kipo. Kigawe kilicho chini ya megabaiti 500 kinahitaji angalau megabaiti 50 zilizo wazi. Zikipungua hapo, kazi yote inasimama, hata kama diski ya nje ina nafasi ya kuhifadhi maktaba nzima.

Ujumbe haukudanganya, nafasi kweli haikutosha. Lakini neno “nafasi” bila “wapi” humpeleka msomaji mahali pasipo. Mashine inajua ni kigawe kipi, kwa sababu ndiyo iliyokipima. Imejua na imenyamaza. Katika uhakiki wa fasihi tungemshtaki msimulizi wa aina hiyo kwa kutoaminika, si kwa kuwa ametunga uongo, bali kwa kuwa ameficha kile tulichohitaji.

Sifuri ni ushindi

Utata wa pili ni wa tarakimu zenyewe. Shuleni sifuri ni aibu, na namba moja ni ushindi. Katika programu nyingi mambo yamepinduka: programu ikimaliza kazi kwa amani hurudisha sifuri, na nambari nyingine yoyote ni dalili ya matata. Mantiki yake inaeleweka, kwani amani ni ya aina moja na matata ni ya aina nyingi. Lakini hata kanuni hiyo haifuatwi na wote.

Chukua Robocopy, chombo cha kunakili faili kilichomo ndani ya Windows. Chombo hiki kikirudisha 0, maana yake hakikunakili chochote kwa sababu hapakuwa na kipya cha kunakili. Kikirudisha 1, maana yake kimenakili faili vizuri. Matata ya kweli huanzia 8 na kwenda juu. Kwa hiyo fundi aliyezoea kwamba kisicho sifuri ni kushindwa anaweza kuona 1 akahuzunika siku ambayo kazi imekwenda sawa kabisa.

Chukua tena rsync, kinachopendwa na watu wa Linux. Hiki kikirudisha 23, faili zimehamishwa kwa sehemu tu kwa sababu ya hitilafu. Kikirudisha 24, zimehamishwa kwa sehemu tu kwa sababu baadhi ya faili zilitoweka kazi ikiendelea. Baina ya 23 na 24 kuna hatua moja ya hesabu, lakini pana shimo la maana. Aghalabu 24 si msiba: mtu alifuta faili ya muda, basi. Nayo 23 yaweza kuwa msiba mkubwa. Macho ya mchovu hayaoni tofauti hiyo saa sita usiku.

Katika NetBackup, programu ambayo taasisi kubwa nyingi duniani zimeitegemea kwa miaka mingi, hali namba 1 hutangaza kwamba kazi imefanikiwa kwa sehemu. Hebu litafakari tamko hilo. Daktari akikuambia operesheni ya mama yako imefanikiwa kwa sehemu, utakwenda nyumbani kulala? Utauliza: sehemu gani? Lakini tukisoma tamko hilohilo kwenye skrini, jicho letu hukimbilia neno “imefanikiwa” na kuliacha lile la “kwa sehemu” lipite kama mpita njia.

Ndivyo nilivyofanya mimi. Nilisoma “imekamilika” nikaridhika. Sentensi ya pili, ile ya vipengee 11, niliichukua kama nyongeza. Katika sarufi ya mashine sentensi ya pili ndiyo iliyobeba habari; ya kwanza ilikuwa salamu. “Imekamilika” ilimaanisha kwamba programu imefika mwisho wa orodha yake, si kwamba imebeba kila kilichokuwa kwenye orodha. Mtumishi amemaliza safari, naam, lakini mizigo mingine ameiacha njiani.

Kosa la nani?

Sasa tuje kwetu Kiswahilini, maana hatuwezi kuwalaumu Waingereza peke yao. Kazi ya kuipa tarakilishi ulimi wa Kiswahili si ngeni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kampuni kubwa za nje zikaja na matoleo yao. Tangu hapo tumejadiliana sana kuhusu majina ya vitu: je, ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Tumejadiliana kidogo mno kuhusu sentensi. Na mtu anapopatwa na janga hatafuti jina la mashine. Anatafuta sentensi.

Mfano ambao kila Mkenya mwenye simu ya Android ameuona, kwa lugha moja au nyingine, ni ule unaotokea mtu anapobonyeza nyota na nambari ili aangalie salio, mtandao ukawa chini. Kwa Kiswahili huandikwa: “Tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI.” Maneno yote ni Kiswahili sanifu, isipokuwa ile MMI. Lakini sentensi haina kitenzi. Haina mtendaji. Inakupa sababu mbili zisizohusiana, zimeunganishwa kwa “au”, ukisie mwenyewe kama kosa ni la mtandao au ni la vidole vyako. Mama wa sokoni akiusoma, atabonyeza tena nambari zilezile kwa uangalifu zaidi, akidhani alikosea, kumbe mtambo wa simu ndio uliolala.

Hapo ndipo uteuzi wa maneno unapokuwa suala la haki. “Kosa” katika Kiswahili hutafuta mkosaji. Ukiandika “Kosa!” kwa wino mwekundu, msomaji wetu, aliyelelewa na walimu wa kalamu nyekundu, atajilaumu. “Hitilafu” ni laini zaidi. Asili yake ya Kiarabu ina fununu ya tofauti na kutopatana, na humwelekea mtu kama habari ya mtambo. “Tatizo” halisemi lolote. “Dosari” na “kasoro” huelekea zaidi ubora wa kitu. Watafsiri wengi huyatumia maneno haya kana kwamba ni ndugu pacha. Mimi ningeomba “kosa” lihifadhiwe kwa pale ambapo mtumiaji kweli amekosea, mathalani ameandika nywila isiyo sahihi, na “hitilafu” kwa pale mtambo uliposhindwa.

Lipo pia suala la ngeli. Programu nyingi huandika sentensi yenye pengo, kisha mashine hujaza jina la kitu: “… haikupatikana.” Kwa Kiingereza pengo hilo halileti taabu. Kwa Kiswahili, kilichokosekana kikiwa ni faili, haikupatikana. Kikiwa ni kifaa, hakikupatikana. Kikiwa ni mtumiaji, hakupatikana. Mtunga programu asiyejua hilo hutulazimisha kusoma “kifaa haikupatikana” na “faili 1 zimehifadhiwa”. Wasomaji watasema ni jambo dogo. Si dogo, kwa sababu upatanisho ndio uzi tunaotumia kujua neno gani linamhusu nani. Uzi ukikatika mara mbili tatu, msomaji huacha kuamini sentensi yote, akabonyeza “Sawa” ili ipotee.

Somo la mteja

Je, tunao mfano mwema? Tunao, nao uko midomoni mwetu. “Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.” Hakuna Mkenya ambaye hajaambiwa maneno hayo na sauti ile ya upole. Yahakiki kama hitilafu, maana ni hitilafu. Linaanza kwa samahani, kwa hiyo halikulaumu. Lina kiima, mteja, na kimefafanuliwa ni yupi: wa nambari uliyopiga wewe. Kitenzi kimepatana na kiima. Mnyambuliko wa “patikana” haumtafuti mkosaji. “Kwa sasa” inakuambia kwamba hali si ya milele, jaribu baadaye. Halitaji sababu, na hilo ni pengo lake, lakini hayo mengine yote limeyatimiza.

Tazama watu walivyolipokea. Walilichukua neno “mteja” wakaligeuza: “Nilikupigia ukawa mteja.” “Huyo leo ni mteja tangu asubuhi.” Msanifu atakunja uso, kwani mteja ni mnunuzi, si mtu aliyezima simu. Mimi naona ni ushahidi kwamba ujumbe wa hitilafu ukisemwa vizuri, watu huumiliki hadi wakaufanyia utani. Sijawahi kusikia mtu wa Rongo akimwambia mwenzake, “Leo umekuwa MMI batili.”

Barua zisizofika

Mtu asidhani balaa hili ni la sisi wanyonge wa vipakatalishi vya mitumba. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za watunga programu wa dunia nzima, ilipoteza data. Mhandisi mmoja, akiwa amechoka usiku, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walipokimbilia nakala za akiba walikuta ghala tupu. Chombo cha kuweka nakala kilikuwa kimeshindwa kila mara, kwa sababu toleo lake, 9.2, halikuwiana na toleo la hifadhidata, 9.6. Je, hakikusema? Kilisema. Kilikuwa kinatuma barua pepe za hitilafu, lakini mtambo wa barua ulizikataa kwa sababu hazikuwa na saini iliyotakiwa. Mwishowe waliokolewa na nakala nyingine ambayo mtu alikuwa ameichukua saa sita hivi kabla, na yaliyoingizwa katika saa hizo yakapotea. GitLab wenyewe walieleza hadharani kila hatua ya mkasa huo, na kwa hilo wanastahili pongezi.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinakamilisha orodha ya njia ambazo hitilafu hupotea. Inaweza kutamkwa kwa lugha isiyoeleweka. Inaweza kutamkwa kweli lakini nusu. Inaweza kutamkwa vizuri na msomaji akasoma neno la kwanza tu. Na inaweza kuandikwa vizuri, ikatumwa, isimfikie mtu. Ukimya nao husomwa, na karibu kila mara tunausoma kama habari njema.

Kuelea na kueleza

Wanaleksikografia wetu wametupa neno zuri kwa nakala ya akiba: chelezo. Neno ni la pwani. Chelezo ni kile kieleacho majini, kama boya linaloonyesha mahali nanga au mtego ulipo hata kama chenyewe kimezama. Asili yake ni kitenzi elea. Na elea hiyohiyo ina maana ya pili: “Jambo hili limenielea,” yaani limenifahamikia. Kutoka hapo tunapata eleza, kufanya jambo lieleweke. Kwa hiyo Kiswahili kilikwisha kuliweka jambo pamoja kabla ya tarakilishi ya kwanza kuundwa. Kuelea, kuelewa na kueleza ni ukoo mmoja. Chelezo kisichoeleza kimepungukiwa na nusu ya jina lake.

Wazee husema, ukiona vyaelea jua vimeundwa. Basi na tuunde. Ujumbe wa hitilafu wa programu ya chelezo unapaswa kujibu maswali manne, tena kwa mpangilio huu: ni nini hakikuhifadhiwa, kwa nini, ni nini kilicho salama, na nifanye nini sasa. Msimbo uje mwisho, kwa ajili ya fundi. Mfano: “Rekodi 11 HAZIKUNAKILIWA kwa sababu zimefunguliwa na programu nyingine. Faili zako nyingine ziko salama. Funga programu hiyo, kisha bonyeza Anza Upya.” Hapo kikanushi kiko mbele, upatanisho umetimia, wala hakuna aliyeitwa mkosaji. Neno “imekamilika” halimo, kwa sababu haikukamilika.

Hayo ni ya waundaji na watafsiri. Ya wasomaji nimejifunza kwa yule kijana wa steji. Kwanza, soma hadi nukta ya mwisho, kwani habari mbaya hupenda kukaa nyuma. Pili, usiulizie tu kama nakala imewekwa. Rejesha faili moja, uifungue, uisikilize. “Japuonj,” aliniambia, “bakapu haujui kama iko mpaka uiitishe.” Safari hii sikuwaza hata kumsahihisha.

Mwanafunzi wangu alirudi sokoni. Kati ya watu 11, kumi walikubali kurekodiwa tena, ingawa mazungumzo ya pili si ya kwanza. Utani hausemwi mara mbili kwa ladha ileile. Wa kumi na moja alikuwa muuza njugu mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani, akiishi na wakata miwa wa Awendo. Alikuwa na namna yake ya kuhesabu pesa, akichanganya Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza cha karani katika sentensi moja, na mwanafunzi wangu alikuwa amepanga kumwandikia sura nzima. Mama huyo alifariki wiki moja kabla ya diski kufa. Sura hiyo sasa ina kurasa nne zilizoandikwa kwa kukumbuka, na tanbihi inayoeleza kwa nini.

Mwanafunzi hajawahi kunilaumu. Tanbihi yake inasema tu kwamba “rekodi zilipotea kutokana na hitilafu ya kiufundi.” Nilipoisahihisha rasimu niliweka alama pembeni mwa maneno hayo, nikaandika: Si ya kiufundi. Ilikuwa ya ufahamu, na ilikuwa yangu.

Muhula huu nimebadilisha kifungu cha kwanza cha mtihani wa ufahamu. Badala ya dondoo la gazeti, nimewawekea wanafunzi ujumbe wa mstari mmoja na nusu, na swali moja: Je, kazi imekamilika? Fafanua. Alama kumi.